Herufi Kwanza, Kiboko Baadaye

Neno BABATI lina herufi sita, na kwa anayeliandika kwa brashi lina mtego ndani yake. Chukua rula, zipange herufi hizo kila moja ikae mbali na jirani yake kwa kipimo kilekile, kisha vuka barabara uutazame ubao. Utasoma BABA, halafu pengo, halafu TI. Rula haijakosea. A husimama imetanua miguu na kichwa chake ni chembamba. T hubeba upana wake wote kichwani na chini ina mguu mmoja. Zikikaa jirani, juu ya bega la A panabaki uwazi, chini ya mkono wa T panabaki uwazi mwingine, na jicho huziunganisha nafasi hizo mbili kuwa shimo moja. Dawa yake ni kuisogeza T mpaka mkono wake upite juu ya mguu wa A, kama mtu anayemwekea mwenzake mkono begani. Rula itasema zimebanana. Jicho litasema zimekaa.

Nilionyeshwa hayo na fundi wa kuandika mabango, mtu mzima, anayefanyia kazi zake kwenye kibaraza kimoja hapa Babati mjini, hatua chache kutoka barabara kuu. Dada yangu alikuwa anafungua duka la kuuza mbegu na kununua mbaazi, akanituma nimtafutie mtu wa kumwandikia ubao. Nilidhani ni kazi ya nusu saa: nitauacha ubao, nitakunywa chai, nitarudi kuuchukua. Nilikaa pale mpaka jua likazama, nikarudi kesho yake na keshokutwa, na tangu hapo nimekuwa nikipita mara kwa mara bila ubao wowote mkononi. Ninaandika kwa sababu sijawahi kuona kazi yenye fikra nyingi kiasi kile ikifanywa kwa ukimya kiasi kile. Tena, nyuma ya kibaraza hicho nilikuta picha ambazo zimenifundisha upya kulitazama ziwa letu.

Mji wa Babati husomwa zaidi na macho ya abiria. Barabara ya kutoka Arusha inaingia hapa na kugawanyika: moja inakwenda Katesh na Singida, nyingine Kondoa na Dodoma. Juu yetu kuna Mlima Kwaraa, kando yetu kuna ziwa. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha na Babati ikawa makao makuu yake, ofisi, maduka ya dawa za mifugo, saluni, gereji na migahawa vyote vimehitaji majina yanayoonekana kutoka barabarani. Mteja anaweza kuwa Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi, Mbarbaig au Mmasai. Anaweza kuwa dereva wa lori ambaye hajawahi kusimama hapa. Anaweza kuwa bibi ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma. Ndiyo maana ukuta wa kinyozi una vichwa vilivyochorwa na mlango wa duka la dawa za mifugo una ng'ombe. Herufi na picha zimeishi nyumba moja miaka yote, na aliyezitia ukutani mara nyingi ni mtu yuleyule.

Siku ya kwanza fundi hakuandika herufi hata moja. Aliupiga ubao msasa, akaufuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akapaka rangi ya kwanza, akauegemeza ndani. Siku ya pili akapiga msasa tena, safari hii mwepesi, akapaka rangi ya pili. Nilimuuliza kama ilikuwa lazima. "Unyuzi mmoja ukibaki umesimama, brashi itaugonga," akasema, "na dada yako atauona kila siku anapofungua duka."

Siku ya tatu kijana wake alishika ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, yeye akashika nyingine, wakauvuta ukakaza, fundi akauinua kwa vidole viwili na kuuachia. Tap. Mstari mweupe ukalala juu ya buluu. Akapiga wa pili chini yake. Sasa herufi zilikuwa na dari na sakafu. Maneno yalikuwa MBEGU NA MBAAZI, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, BABATI. Akaanza kuhesabu, ila hesabu yake si ya darasani: M aliipa nafasi moja na nusu, I akaipa nusu. Alitafuta katikati ya mstari, akaweka alama, akachora kwa chaki kuanzia hapo akielekea pembeni kulia, kisha kushoto.

Alipofika kwenye MBAAZI alisimama. Neno hilo lina A mbili zilizofuatana, na A mbili zikifuatana miguu yao hukaribia kugusana huku vichwa vikiachana, katikati pakatokea bonde. Ukizitenganisha kama herufi nyingine, neno hukatika vipande viwili. Kiswahili kinazipenda A, kwa hiyo fundi wetu hukutana na shida hii kila siku ya kazi. Akanigeukia, na kwa kuwa biashara ya dada ni mbaazi, mfano aliutoa hapohapo.

"Fikiria unamwaga mbaazi katikati ya herufi, mdogo wangu. Kila nafasi imeze kopo moja. Hii isimeze kopo na nusu, ile isimeze nusu kopo. Usiangalie umbali, angalia mbaazi."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu. Wasanifu wa herufi Ulaya na Marekani wameandika sura nzima kuhusu jambo hili, na programu za kompyuta zina majedwali yenye maelfu ya jozi za herufi zilizopangiwa nafasi zake moja moja. Kiini chake chote ni kile kopo: nafasi tupu iliyo kati ya herufi ina ujazo, na ujazo huo ndio jicho linaoupima. Nilipomwelewa nilianza kuona kwamba fundi hachori herufi peke yake. Anachora na zile nafasi.

Halafu rangi. Mkono wa kushoto ulishika fimbo fupi iliyofungwa kitambaa nchani. Ile ncha aliikita pembeni mwa ubao, na kiganja cha kulia kikalala juu ya fimbo, kikiteleza nayo. Brashi yake ni bapa, yenye nywele ndefu laini, nayo haikopeshi mtu. Aliichovya nusu tu, akaipapasa juu ya kipande cha bati upande huu na upande huu mpaka nywele zikawa ukingo mmoja ulionyooka. Akaiweka kwenye mstari wa juu, akasubiri kidogo, akaishusha. Mguu wa M ukatoka mzima kwa mvuto mmoja, pande zote mbili zimekatwa kama kwa wembe. Hakuurudia.

Nilisogea karibu kabisa nitazame ule ukingo. Rangi ya njano ilikuwa imesimama juu ya buluu, imenyanyuka kidogo sana, kama maji yanavyonyanyuka kwenye mdomo wa glasi iliyojaa. Michirizi ya brashi ilikuwa bado inaonekana. Nikaendelea kutazama, na mbele ya macho yangu michirizi ikajifuta yenyewe, rangi ikalala, ikawa kioo. Fundi alikuwa ameshafika herufi ya pili. Nilimuuliza mbona mkono hautetemeki. "Vidole hutetemeka," akasema. "Bega halitetemeki. Mimi naandika kwa bega."

B ina matumbo mawili, na la juu ni dogo kuliko la chini. Msomaji anaweza kulihakiki hilo sasa hivi: geuza ukurasa wowote wenye B juu chini, utaona jinsi inavyokuwa na kichwa kizito. Tukiitazama ikiwa wima tunaamini matumbo yako sawa, kumbe tunaamini kwa sababu fundi ameyapunja kwa ustadi. G nayo, kwa kuwa ina mviringo, haikai ndani ya mistari. Inaruka juu ya mstari wa juu na kuzama chini ya ule wa chini kwa upana wa unyasi. Ikibanwa ndani ya mistari kama E, itaonekana fupi kuliko E. U huzama kwa chini tu. Vipimo hivi hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alivijua kwa kunakili maandishi ya magunia, makopo na viberiti tangu utotoni, akajiuliza kwa nini O yake ilionekana imesinyaa na ile ya kwenye kopo haikusinyaa.

Kila alipomaliza herufi mbili tatu aliweka brashi chini na kuvuka barabara. Alisimama upande wa pili akitazama, akarudi, akapunguza au kuongeza kitu kisichozidi unene wa kucha, akavuka tena. Sheria ya mkononi ya waandika mabango duniani ni kwamba herufi ya inchi 1 husomeka kwa raha kutoka futi 10. Herufi za dada yangu zilikuwa za inchi 6, kwa hiyo futi 60, yaani mita 18 hivi. Basi linalopita mjini kwa kilomita 50 kwa saa huzimaliza mita 14 kila sekunde. Piga hesabu: abiria aliyeegemeza kichwa dirishani, anayewaza safari yake, ana sekunde moja na kidogo ya kulisoma neno MBAAZI kwa raha. Kazi ya siku tatu inakutana na jicho kwa muda huo, kisha basi limekwenda Bonga.

Nakumbuka habari za James Rosenquist, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1933. Kabla hajawa jina kubwa kwenye majumba ya sanaa alikuwa akipaka mabango makubwa ya matangazo jijini New York, akining'inia kwenye jukwaa, uso wake karibu na ukuta kiasi kwamba shavu la mtu aliyekuwa akilichora lilikuwa kwake uwanja wa rangi usio na mwisho. Baadaye alipoanza picha zake mwenyewe aliuchukua ukubwa ule na ukaribu ule akavifanya lugha yake. Sikumtaja kwa fundi wetu. Lakini kila nilipomwona akivuka barabara nilielewa kwamba mwandika mabango hufundishwa na kazi yake kuishi mahali pawili kwa wakati mmoja: pale brashi ilipo, na pale macho ya mgeni yalipo.

Siku ya nne ndipo nilipoingia ndani kuuchukua ubao, nikaziona picha.

Zilikuwa saba au nane, zimeegemezwa ukutani, mbao za mraba kila moja, nyingi ukubwa wa kiti cha stuli au kupita kidogo. Ya kwanza ilikuwa kijani kibichi chote, rangi moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Chini kidogo ya katikati kulikuwa na vidoa sita vya kahawia iliyokolea: viwili vidogo vya mviringo vilivyosimama, viwili vilivyovimba, na viwili vilivyotangulia mbele kama matundu. Hakukuwa na kitu kingine. Ilinichukua pumzi moja kuelewa. Masikio, macho, pua. Kiboko yuko ziwani, ametoa alichohitaji kukitoa, mwili wote uko ndani ya ile kijani.

Kila mtu wa Babati amemwona kiboko hivyo. Viboko wa Ziwa Babati ni majirani zetu. Wavuvi hupiga makasia wakiwakwepa, na usiku hutoka kula majani kandokando ya mji. Nimewatazama tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kugundua kwamba kiboko akiwa majini ni vidoa sita vyenye nafasi kati yao, na kwamba zile nafasi ndizo zinazokuambia mwili ulivyo mkubwa. Fundi alizipima kama anavyopima herufi. Masikio hayakuwa mbali sawa na macho. Yalisogezwa ndani kidogo, na pua zikasukumwa mbele zaidi ya ulivyotegemea, hapo ndipo kichwa kilipopata urefu na uzito. Mbaazi zilikuwa zimemwagwa.

Nyingine ilikuwa Kwaraa: umbo moja la buluu nzito chini ya utepe mweupe wa wingu, na mbele yake paa za mabati zilizofanywa pembe tatu na mistari, safi, hazina kivuli. Nyingine ilikuwa stendi ikitazamwa kutoka juu, miavuli ya wauza matunda ikiwa miduara tu, nyekundu, njano, nyekundu, na katikati ya miduara hiyo nafasi ya udongo iliyotengeneza, ukiitazama sana, umbo la mtu aliyebeba mzigo. Niliitazama hiyo kwa muda mrefu kuliko zote. Sijui kama alikusudia mtu yule aonekane. Nilipomuuliza alitabasamu akasema nafasi nazo huwa na mambo yao.

Jinsi picha hizo zilivyo inatokana kwanza na kopo la rangi. Rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, haikauki kwa maji kutoka ndani yake. Hukauka kwa kuchukua hewa, ikaanza kushika ngozi juu na kukomaa polepole kwenda chini. Ikiwa mbichi inalala na kung'aa. Lakini ukiweka rangi mbichi kando ya rangi mbichi, zinaingiliana na kuchafuana, na ukiirudia ikiwa imeanza kushika, inavutika kama gundi. Kwa hiyo anayeitumia anatakiwa aamue kabla ya kugusa ubao: umbo hili linaishia hapa, lile linaanzia pale. Anapaka moja, analala, kesho anapaka jirani yake. Mchoraji wa mafuta ya kisanii anaweza kuvuruga, kufuta, kulainisha kivuli mpaka usiku. Huyu wetu ana ukingo. Ukingo ukikosewa, kila mtu anauona.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia rangi hiyohiyo ya makopo, ile ile inayopakwa kwenye baiskeli, juu ya mbao za bei nafuu zilizokatwa mraba, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora kwa miaka minne. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne! Wanafunzi na ndugu zake waliendelea, mwaka 1990 ushirika wao ukasajiliwa kwa jina lake, na leo mtalii anayekwenda Tarangire anaijua Tingatinga hata kama hamjui rais wetu.

Nimesikia mara nyingi watu wakiziita picha za Tingatinga za kitoto. Ninapinga, na ninapinga kwa nguvu zaidi tangu nikae kwenye kibaraza kile. Tazama moja ya zile za mwanzo: mnyama mmoja, ameijaza nafasi mpaka mguu unakaribia kugusa ukingo wa ubao, mandhari nyuma yake imepakwa rangi moja, na mwili umetenganishwa na mandhari kwa mpaka usioyumba. Mtoto hufanya mnyama mdogo katikati ya karatasi kubwa, kwa kuwa hajajua kwamba karatasi nayo ni sehemu ya picha. Tingatinga alijua. Madoa ya chui wake yanapangana kwa mpangilio ambao mwandika mabango yeyote angeutambua: hakuna mawili yaliyogongana, hakuna bonde kati yao. Aliujenga mtindo ambao kopo liliudai, na aliujenga kwa akili. Mwaka 2010, studio ya Nairobi ilipotengeneza katuni za Tinga Tinga Tales kwa ajili ya televisheni ya watoto ya BBC, wachoraji wa kompyuta walikuta kazi kubwa imeshafanyika: maumbo yalikuwa bapa, mipaka safi, tayari kukatwa na kutembezwa kwenye skrini.

Na kuna waliotoka moja kwa moja kwenye mabango. Chéri Samba wa Kongo aliondoka kijijini Kinto M'Vuila akiwa kijana, akafika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi ya kuandika mabango na kuchora katuni za magazeti, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Aliona wapita njia wakizitazama picha na kuondoka upesi mno. Basi akaandika maneno ndani ya picha, mengi, kwa mkono ule ule wa mabango, ili mtu asimame asome, na akiwa anasoma aendelee kutazama. Mwaka 1989 picha zake zilining'inizwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Dunia ya sanaa ilishangaa maneno yale. Nadhani mwanamke yeyote wa Pwani, au wa soko la hapa Babati, asingeshangaa sana, maana amejifunga kanga kiunoni. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina lililokaa mahali pake chini ya mji, na kama jina lingehamishwa inchi mbili nguo nzima ingepoteza utulivu. Ni usanifu wa herufi na picha unaotembea sokoni ukinunua nyanya.

Fundi wetu hamjui Samba. Kanga anazijua vizuri. Ananiambia alianza kuelewa ukingo ni nini kwa kuangalia pindo za mama yake zikiwa zimeanikwa kwenye kamba. Na anaijua Kolo. Ukishika barabara ya Kondoa kutoka hapa, kabla hujaufikia mji wa Kondoa unapita Kolo, na juu ya vilima vyake kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Michoro ya kale zaidi ni ya udongo mwekundu: watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, tembo, twiga. Fundi ameifikia mara mbili. Mara ya pili, ananiambia, alikaa mbele ya twiga mmoja tangu asubuhi mpaka mwongozaji akamwomba waondoke.

"Yule aliyechora hakuwa na nafasi ya kukosea," alisema. "Jiwe halifutiki. Aliitoa shingo kwa mvuto mmoja. Nilitazama mahali brashi ilipoanzia na ilipoishia."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeutazama mguu wa ile M kwa namna hiyohiyo.

Siku hizi mjini wako vijana wenye kompyuta wanaosanifu mabango na kuyachapa kwenye fleksi. Kazi ikitakiwa leo, jioni imetundikwa, na wengine wana jicho zuri kweli. Nimeona bango la saluni moja ambalo nafasi zake zote zilikuwa zimekaa. Tatizo la fleksi ni jua. Nyekundu na njano hukimbia kwanza, picha inabaki ya kibuluu, nyuso za watu zinakuwa kama za wagonjwa, kisha upepo unaanza kuichana pembeni. Fundi hawasemi vibaya vijana hao. Mmoja wao huja jioni na kompyuta yake mpakato kumwonyesha kazi, na nimemwona fundi akigusa skrini kwa kidole chenye rangi, akisema, "Hii isogeze," na kijana anaisogeza kwa kubofya mara moja, wote wawili wakirudi nyuma hatua tatu kutazama. Kibarazani hapana nafasi ya kurudi zaidi ya hapo bila kuingia barabarani. Mara nyingine huingia.

Kazi za mabango zimepungua kwake, na saa zilizopungua huko amezihamishia kwenye zile mbao za mraba. Shule za msingi bado humwita kuchora ramani ya Tanzania na mwili wa binadamu kwenye kuta za madarasa. Anazifanya kwa uangalifu uleule, na ninajua kwa sababu nilimsindikiza kwenye moja: Ziwa Manyara alilichora mara mbili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa nene kwa unene wa kidole na lilikuwa linaisukuma Babati.

Wiki iliyopita nilimkuta akimalizia kiboko mwingine. Safari hii maji yalikuwa rangi ya udongo, kama ziwa linavyokuwa mvua zikishuka kutoka milimani, na upande wa juu kulikuwa na mtumbwi, mstari mmoja mweusi uliopinda kidogo kama G iliyolazwa. Masikio, macho na tundu moja la pua vilikuwa tayari. Alikuwa ameviacha usiku kucha vikauke. Tundu la mwisho lilibaki, na hakuwa akilichora. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, brashi mkononi, anatazama mahali litakapokaa. Kijana wake alipita na kopo la thina, akapita tena. Mabasi mawili yalipiga honi barabarani. Nilisimama mlangoni bila kumsalimia.

Kisha akainuka, akakita fimbo pembeni mwa ubao, akalaza kiganja juu yake, akaipapasa brashi kwenye bati upande huu na upande huu. Doa liliingia kwa mguso mmoja mdogo, kushoto kidogo ya mahali ambapo mimi ningeliweka, na kichwa cha kiboko kikageuka. Sekunde moja kabla alikuwa akitazama mbele; sasa alikuwa akiutazama mtumbwi.

Fundi akaniona. "Karibu, mdogo wangu. Usiguse, mbichi." Akauinua ubao kwa kingo zake, akaupeleka ndani, akaugeuza uso uelekee ukutani ili vumbi la barabarani lisiukute mpaka rangi ishike.